Jikoni na Bafuni: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Matumizi ya Nyumbani Hapa Kisumu

Nilikuwa na kiduka Manyatta kwa miaka saba. Nilikifunga, lakini watu hawajaacha kuniuliza mambo ya bei. Wengine hunisimamisha Kondele wakiwa na mfuko mkononi, wanataka nihukumu kilichomo. Nimeyaandika hapa maswali yanayorudi mara nyingi, pamoja na majibu ambayo nilipokuwa nyuma ya kaunta nisingekupa bure.

Pesa ya chakula inaisha kabla ya tarehe 20 na sijui ilikokwenda. Nianzie wapi?

Anza na daftari, na kwa wiki mbili za kwanza usipunguze kitu chochote. Ukianza kujibana siku ile ile unayoanza kuandika, daftari litakuonyesha mtu mwingine, si wewe. Andika mambo manne: kitu gani, kipimo gani, bei gani, na kilidumu siku ngapi. Hilo la nne ndilo watu huliacha, na ndilo lenye habari. Mtu anajua mche wa sabuni ulimgharimu ngapi, ila hajui kama uliosha nguo wiki moja au tatu.

Baada ya wiki mbili, usihangaike na mstari mkubwa kuliko yote. Tafuta kitu kilichojirudia mara nyingi kuliko vyote. Kwa nyumba nyingi nilizoona huwa ni mafuta ya kupikia, sukari, sabuni ya unga na mkate. Ununuzi wa elfu tatu mtu huukumbuka na kuulalamikia. Zile ishirini ishirini za jioni, mtoto akitumwa na chupa, hakuna anayezikumbuka.

Ni kweli kadogo, yaani kupimiwa kidogo kidogo dukani, ni ghali, au ni maneno ya watu wa supamaketi?

Ni kweli, na mimi ni shahidi kwa sababu kadogo ndiyo iliyonilipia kodi ya duka.

Chukua mafuta. Tuseme lita moja inauzwa shilingi 300, na mwenye duka anakupimia mililita 50 kwa shilingi 20. Ishirini ni ndogo, haiumi. Lakini vipimo ishirini vya mililita 50 ndivyo vinavyofanya lita, na ishirini mara ishirini ni 400. Umelipa mia moja zaidi kwa mafuta yale yale, kutoka mtungi ule ule. Familia inayotumia lita tatu kwa mwezi imemwachia mwenye duka mia tatu, na bado haijanunua sukari ya robo wala majani ya chai ya pakiti ya kumi. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilijaa kweli, ila kilikuwa changu.

Sasa nitende haki. Mwenye duka hakuibii. Mafuta hubaki kwenye mtungi, mengine humwagika, na yeye anakupa nafasi ya kula leo ukiwa na ishirini tu. Hiyo ni huduma na ina bei yake. Kosa ni kuilipia wakati huihitaji, kwamba mtu ana mia tano mfukoni lakini mkono umezoea kutoa ishirini.

Na kuna vitu ambavyo kipakiti kidogo ndicho nafuu. Kampuni za sabuni ya unga hushindana sana kwenye vile vipakiti vya bei ya chini, na nimewahi kuona gramu za pakiti ndogo zikiwa rahisi kuliko za kopo kubwa lenye kifuniko kizuri. Kwa hiyo usiamini ukubwa. Gawanya bei kwa gramu, kisha zidisha kwa mia. Hiyo ni bei ya gramu mia, na kwa bei hiyo unaweza kupima kipakiti na gunia kwenye mizani moja. Simu yako ina kikokotoo.

Mimi nalipwa kwa siku. Nitanunuaje kwa wingi?

Hili ndilo swali la kweli, na majibu mengi ya watu wenye mshahara hayalifai. Kumwambia mwendesha boda anunue vitu vya mwezi mzima ni kumdhihaki.

Usijaribu kuhamisha nyumba nzima kutoka kadogo. Hamisha kitu kimoja. Chagua kile ambacho tofauti ya bei yake ni kubwa na hakiozi, mara nyingi mafuta au sabuni. Kila siku weka kando kidogo, kumi au ishirini, mahali ambapo mkono haufiki haraka. Kibubu cha bati kinafanya kazi vizuri kuliko simu, maana pesa ya simu hutoka kwa kidole kimoja. Ikifika bei ya lita moja, nunua lita. Sasa zile ishirini ulizokuwa unatoa kila jioni za mafuta hazitoki tena. Zielekeze kwenye kitu cha pili. Cha kwanza hulipia cha pili, cha pili hulipia cha tatu. Nilimwona mteja wangu mmoja, fundi wa viatu, akifanya hivi tangu Januari. Kufikia Agosti alikuwa haji tena kwangu isipokuwa kwa kiberiti na mkate. Nilisikitika kama mwenye duka, nikafurahi kama jirani.

Onyo moja: kikiwa kingi, kinatumika kwa wingi. Mtungi wa mafuta ukikaa karibu na jiko, chapati zinaanza kuogelea. Mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, mtungi uweke chini ya kitanda. Hata sukari, fanya vivyo hivyo.

Tunaishi ploti moja nyumba nane. Tukinunua pamoja itafaa?

Inafaa sana, na inaharibika haraka msipokuwa na utaratibu. Gunia la sukari la kilo 50 likigawanywa na watu kumi ni kilo tano kila mmoja, na bei ni ya holisela. Mtungi wa mafuta wa lita 20 kwa nyumba nane ni lita mbili na nusu. Bale la tishu, katoni ya sabuni, mchele wa gunia, vyote vinagawanyika.

Yaliyovunja vikundi nilivyoviona ni haya. Kwanza ni kununua kabla pesa haijatimia, eti fulani "atamalizia Ijumaa". Ijumaa haifiki, na aliyemkopesha ni jirani wa mlango kwa mlango, wanaoonana kila asubuhi kwenye kamba ya kuanikia. Pesa yote iwe mkononi kabla mtu hajapanda tuktuk. Pili ni kugawa kwa macho. Kopeni mizani, au tumieni chombo kimoja mbele ya wote, na aliyegawa achukue fungu la mwisho. Nauli na mzigo viingizwe kwenye hesabu, kwa maana anayekwenda sokoni kila mara kwa gharama yake atachoka mwezi wa tatu na hatasema sababu.

Na msinunue pamoja kitu ambacho watu wana mapenzi tofauti nacho. Sukari ni sukari. Majani ya chai, mchele na sabuni ya kuogea vitawagombanisha.

Kwa nini gorogoro ya huku si sawa na ya kule?

Kwa sababu gorogoro ni mkebe tu. Asili yake ni kopo la mafuta ya kilo mbili, na tunahesabu kwamba gunia la mahindi la kilo 90 lina gorogoro 45. Lakini mkebe hugongwa chini hadi kitako kikaingia ndani, au pembeni ukabonyezwa, na hapo unapoteza viganja kadhaa vya maharagwe huku ukitazama. Kuna anayejaza kwa kichuguu juu na kuna anayefuta kwa mkono.

Kabla ya kuuliza bei, omba kuuona mkebe mtupu. Pitisha kidole kwenye kitako. Muuzaji mwaminifu haudhiki; anajua kwa nini unauliza. Tena gorogoro hupima nafasi, si uzito. Gorogoro ya mahindi makavu na ya mahindi mabichi zinalingana machoni, ila mabichi unalipia maji. Ng'ata punje moja. Ikivunjika kwa mlio, ni kavu, ikibonyea, iache.

Unga wa pakiti au kusagisha poshomili?

Kusagisha ni nafuu mara nyingi, hasa baada ya mavuno. Huku magharibi, Kakamega, Bungoma na Busia, mahindi ya msimu wa mvua ndefu huanza kuingia sokoni kuanzia Julai na Agosti. Ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huja kati ya Oktoba na mwisho wa mwaka. Ghali huwa ni ile miezi kabla ya mavuno, Mei na Juni, wakati ghala la kila mtu limebaki vumbi. Mwenye nafasi akinunua gunia msimu wa mavuno, ameshalipia ugali wa miezi ile migumu.

Ila gunia linataka kutunzwa. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13.5. Yakiwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu una sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na kuchemsha hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu yakiuzwa nusu bei si bahati, hata kama kuku ndio unaowafikiria. Kwa dumuzi na fukusi, yale magunia yenye mifuko ya plastiki ndani yasiyopitisha hewa hufanya kazi nzuri: wadudu hukosa hewa wakafa, bila dawa. Ni lazima yafungwe vizuri, na panya asiyatoboe.

Unga wa kusagisha bila kukoboa hauketi sana, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta yanayochacha. Sagisha wa wiki mbili tatu, si wa miezi mitatu. Jambo jingine ambalo wauzaji wa ushauri hawalisemi: tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini kama chuma na zinki. Wako wa poshomili hauna. Ukisagisha, basi mboga za majani, omena na maharagwe visikosekane mezani.

Kwa uji, sagisha wimbi, mtama na muhogo mkavu mwenyewe. Ule unga wa uji unaouzwa na orodha ya mbegu kumi na mbili juu ya pakiti, mwingi ni mahindi yaliyovaa vizuri. Njugu usizisage pamoja na unga wa mwezi mzima. Zinachacha na kuharibu vyote. Uji wa wimbi asubuhi umeniondolea mkate siku nne za wiki, na watoto wanafika saa nne bila kulia njaa.

Niende soko gani, na siku gani?

Kibuye Jumapili, kama una kitu zaidi ya kimoja cha kununua. Siku hiyo wauzaji ni wengi kuliko siku za kati ya wiki, na bei inashindana. Asubuhi mapema unachagua vizuri. Jioni wanapofunga unapunguziwa, hasa nyanya na mboga ambazo mwenye nazo hataki kulala nazo. Jubilee ni karibu kwa aliye mjini. Mchele wa Ahero ni bora kuununua Ahero kwenyewe ukiwa unapita, au kumwagiza mtu anayetoka huko. Viazi vitamu vya Kabondo na parachichi za Oyugis vivyo hivyo: mwenye shemeji njiani asinunue mjini.

Kabla ya kusafiri, hesabu nauli. Kutoka Nyamasaria au Mamboleo hadi Kibuye, kwenda na kurudi na mzigo, ni pesa. Kama tofauti ya bei ya vitu vyako vyote haizidi nauli mara mbili, nunua kwa mama mboga wa kona na upumzike. Nasema mara mbili kwa sababu nusu siku yako pia ni kitu.

Omena zimepanda ghafla. Nini kinaendelea?

Tazama mbinguni. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivutii, mashua hurudi na kidogo, na bei inapanda. Siku za giza zikirudi, bei inashuka. Mama zetu wa ziwani hununua akiba giza likiwa katikati, sisi wa mjini tunanunua tunapokumbuka. Mvua nayo huzuia kukauka, hivyo omena nzuri wakati wa mvua ni adimu na nyingi zina harufu. Nunua za giza, anika tena juani siku moja nyumbani, weka kwenye ndoo yenye kifuniko.

Omena nzuri inang'aa kama fedha, haijakatika vichwa, na ukiisugua haiachi mchanga kiganjani. Iliyoanikwa juu ya nyavu ni safi kuliko ya chini. Ya kuku ni rahisi sana; usijidanganye kwamba utaichagua.

Samaki mkubwa ni hadithi nyingine. Ngege mzima wa ziwa amekuwa wa wageni na mahari. Kwa siku za kawaida kuna mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa; yanakaangwa mtaani Obunga na kuuzwa sehemu nyingi za mji. Supu yake ni tamu na nyama iliyobaki kichwani si haba. Kuna watu wanaona aibu kuonekana wakiinunua. Hiyo aibu ina bei, na wanailipa wao.

Mboga kila siku ni hamsini. Nifanyeje?

Gunia. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati ukisimamisha mhimili wa mawe madogo ili maji yashuke hadi chini. Panda sukuma juu na kwenye matundu ya pembeni. Wiki sita hadi nane baada ya kupandikiza unaanza kuchuma majani ya chini, na gunia likitunzwa huendelea miezi mingi. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yanatosha kumwagilia. Magunia mawili hayalishi nyumba ya watu sita kila siku, lakini yanakata hamsini tatu kwa wiki. Ongeza osuga (mnavu) na dek (mgagani). Hizo hazina kiburi cha udongo.

Nyanya zikiwa rahisi, chemsha na vitunguu, punguza maji, weka kwenye friji kama unayo. Kama huna, usinunue ndoo kwa sababu ya bei. Nusu itakuwa ya kuku.

Supamaketi je? Kuna ofa kila mwisho wa mwezi.

Ofa ya kweli ipo, na ipo ile ya kuandikwa kwa rangi nyekundu tu. Tofauti unaijua ukiwa na daftari lako la wiki mbili, kwa sababu lina bei ya kawaida. Vitu vyenye faida kubwa hupangwa usawa wa macho. Inama, tazama rafu ya chini. Soma gramu. Mkate wa gramu 400 na ule uliopungua kidogo unafanana ukiwa ndani ya karatasi, na maziwa ya pakiti si yote ni nusu lita siku hizi. Kampuni haipandishi bei ikiona utashtuka, inapunguza ujazo. Kama mtaani kwako kuna mashine ya maziwa ya kupima, nenda na chupa safi, linganisha kwa lita, na uyachemshe.

Nenda na kikapu chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, na huo mfuko wa kitambaa unaouziwa kila Jumamosi umeshajaa nyuma ya mlango. Na soma risiti kabla ya kutoka. Mara mbili mwaka huu nimekuta bei ya rafu si bei ya mashine, mara zote mbili kwa hasara yangu. Walirudisha, baada ya mimi kusimama.

Sabuni inaisha kama barafu. Kuna siri?

Mche wa sabuni ukate vipande siku unayoununua, uviache vikauke wiki mbili tatu juu ya kabati. Sabuni mbichi ina maji na huyeyuka haraka, iliyokauka hudumu. Nilipokuwa na duka, wazee waliomba sabuni ya zamani iliyokauka na vijana waliitaka iliyong'aa. Wazee ndio waliojua. Baada ya kuoga, sabuni isilale kwenye maji. Iwekwe juu ya kitu chenye matundu.

Maji nayo yanakula sabuni. Ya visima vingi ni magumu, povu haliji mpaka umemaliza nusu kipande. Maji ya mvua ni laini. Kuanzia Machi hadi Mei ukikinga mvua kwenye pipa, fua na hayo. Sabuni ya unga usiimwage kwa macho. Tafuta kijiko kimoja, kiwe cha hiyo kazi tu. Masufuria yaliyoungua yasuguliwe kwa majivu kwanza, kama nyumbani kwa nyanya.

Nitengeneze sabuni ya maji mwenyewe?

Kwa nyumba moja, kununua ya kupima kutoka kwa mtengenezaji unayemwamini ni rahisi zaidi. Kama mko kikundi, vifurushi vya lita 20 vinauzwa mjini, vyenye ungarol ya kutoa povu, ufacid na vingine vyake. Ufacid ni asidi na huchoma ngozi: vaa glavu, changanya nje, watoto wawe mbali, na usiiweke kwenye chupa ya soda. Nyingi za kujitengenezea ni nyepesi, hivyo usilinganishe bei ya lita. Linganisha siku ilizodumu.

Na kwa kuwa tuko hapo: dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi ukidhani utapata nguvu mara mbili. Inatoa gesi inayoumiza mapafu, na bafu zetu hazina dirisha.

Tishu, dawa ya meno, mafuta ya kupaka?

Tishu: pima kwa mkono, si kwa unene wa macho, roli iliyofumuka ina hewa. Dawa ya meno: punje ya njegere inatosha, na kwa mtoto mdogo chini ya hapo. Ikionekana imeisha, pasua tyubu. Kuna siku nne humo. Mafuta ya kupaka: kopo kubwa moja la familia, kisha kila mtu achotewe chake, la sivyo vidole vitano vitalimaliza kwa wiki.

Nina wasichana wawili. Sodo zinanimaliza.

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye sodo mwaka 2004, na tangu 2017 sheria inataka wasichana waliobalehe katika shule za umma wapewe bure. Muulize mwalimu, bila aibu, na uulize kila muhula. Kile cha shule kikija, cha nyumbani kinapungua.

Sodo za kitambaa za kufua ni gharama mara moja, kisha unatumia kwa muda mrefu. Zioshwe kwa maji baridi na sabuni, zikaushwe juani wazi, si chini ya godoro. Hapo ndipo nyingi huharibika: msichana anaficha, kitambaa kinabaki na unyevu, anapata muwasho. Mpe kamba yake na nguo nyepesi ya kufunika juu. Kikombe cha hedhi kinaweza kudumu hadi miaka kumi, lakini kinahitaji maji, sufuria ya kukichemshia, na mtu aliye tayari. Usimlazimishe. Msichana akikosa shule siku tatu, hakuna mia uliyookoa.

Kwa mtoto mchanga: nepi za kitambaa mchana, za kutupa usiku na safarini. Mama anayejaribu kitambaa saa zote 24 huacha wiki ya pili.

Mwenye duka ananikopesha hadi mwisho wa mwezi. Ni vibaya?

Si vibaya, ila mtu wa kitabu cha madeni haulizi bei. Mimi nilijua. Aliyelipa taslimu alisema "punguza", wa kitabu alisema "andika". Kama lazima ukope, kuwa na daftari lako pia, mwandike pamoja, na bei iandikwe siku hiyo. Usikope vya kula leo ukilipa kwa mkopo wa simu kesho; huo mkate una bei mbili. Kama deni limekuwa kubwa, lipa sehemu kila wiki na uendelee kununua taslimu kidogo kwake. Mwenye duka anapenda kukuona kuliko kukutafuta.

Mume wangu anasema nimekuwa mchoyo. Kuna kitu wewe hukubali kupunguza?

Mwonyeshe daftari, kisha mtume yeye Kibuye Jumapili moja na pesa ile ile. Wangu alirudi kimya.

Nisivyogusa ni maziwa ya mtoto, sodo, sabuni ya kunawa mikono pale nje ya choo, na dawa ya mtu yeyote. Sibishani shilingi tano na mama mboga aliyeketi juani tangu alfajiri. Huyo huniongezea dania bila kuombwa. Na sukari kwenye chai yangu ya asubuhi, hiyo usinibishie.